Vitabu vya hadithi navyo vivuke mpaka

KILA kukicha, mpaka wa Busia hupitisha mahindi, samaki, mayai, mitumba na sabuni. Mfanyabiashara anayerudi Dabani jioni huwabebea watoto mkate, pengine na daftari. Kitabu cha hadithi ni nadra kukikuta kikapuni.

Upungufu huo una gharama. Tathmini za Uwezo, zilizofanywa Kenya, Uganda na Tanzania katika muongo uliopita, zilionyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kisha ikaja Korona. Kenya ilifungua shule zote Januari 2021, lakini Uganda haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022. Watoto wa Dabani wakaachwa nyuma na wenzao wa ng'ambo, ambao huzungumza nao Kisamia kilekile.

Wachuuzi wa mpakani wanaijua hasara ya kutosoma. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kiliwekwa ili mfanyabiashara mdogo avuke bila wakala. Asiyeweza kukisoma humlipa mtu amjazie, au hupita njia za panya na kuhatarisha mzigo wake. Mtoto asiyezoea kusoma leo ndiye atakayelipa kesho.

Hata hivyo, mtoto hapendi kusoma kwa kuamriwa. Katika shule nyingi hukutana na kitabu kama mtihani: asome kwa sauti, akikosea achekwe. Vitabu vichache vya hadithi vilivyopo hufungiwa kabatini visije vikachanika. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kilicho kipya chini ya kufuli hakijamfaa mtu.

Walimu wa madarasa ya chini watenge dakika 20 kila siku za hadithi tu, bila alama wala maswali. Mwalimu asome, kisha kila mtoto achague kitabu na aende nacho nyumbani. Mzazi asiyejua kusoma naye ana nafasi: amwombe mtoto amsimulie alichosoma. Na siku ya gulio, mtoto asiachishwe shule ili akalinde meza.

Lugha nayo izingatiwe. Tangu 2007, mtaala wa Uganda unataka miaka mitatu ya kwanza ifundishwe kwa lugha ya eneo. Basi mtoto aanze na hadithi za Kisamia au Kiteso, kisha aongezewe za Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri la Uganda lilikiidhinisha Julai 2022 kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Vitabu vya watoto vya Kiswahili huchapishwa kwa wingi Kenya, ng'ambo tu ya Dabani. Mahitaji yapo upande mmoja, bidhaa upande wa pili. Kazi ya kuviunganisha ndiyo ambayo wafanyabiashara wa Busia huifanya kila siku.

Vyama vyao vichange fedha kidogo kila muhula, na wenye vibanda waweke hadithi chache kando ya kalamu na madaftari. Shule zikifunguliwa muhula ujao, walau katoni moja ya vitabu ivuke Busia kuelekea Dabani. Hilo halihitaji kusubiri mkutano wa marais.