Barabara ya Yeriko yapita mtaani mwetu



Katika mitaa ya Butembo na Beni, mazungumzo ya Jumapili baada ya misa yamekuwa ya namna moja. Tukitoka kanisani, tukiketi barazani au katika mkutano wa shirika, twaulizana: usiku wamevunja wapi? Nani amenyang'anywa pikipiki? Mtoto wa nani amegongwa? Mama asimulia jinsi alivyosikia risasi. Mzee amlaumu mkuu wa mtaa. Kijana awalaumu polisi. Na kila mmoja hurudi nyumbani na hofu kubwa kuliko aliyokuja nayo. Tumehudhuria mikutano mingi ya namna hiyo. Sisi tulio walimu twajua kwamba darasa likirudia somo lile lile mwaka mzima bila kusonga mbele, basi kuna swali ambalo halijaulizwa. Kwa maoni yetu, swali lenyewe ni hili: umati unapokusanyika barabarani, sisi tuliomo ndani yake huwa twafanya nini?

Hatulisemi jambo hili tukiwa mbali nalo. Katika njia panda moja ya Butembo, karibu na shule, pikipiki iliyobeba abiria wawili ilimgonga msichana mdogo aliyekuwa akivuka. Mwendeshaji alisimama. Alitazama nyuma, akamwona mtoto amelala chini, akawaona watu wakitoka madukani mbio. Kisha akapandisha mwendo, akatoweka. Waendesha pikipiki wengine waliokuwa karibu nao wakakimbia, wakiogopa kudhaniwa kuwa ndio waliogonga. Mtoto alibaki vumbini mpaka mama mmoja muuza ndizi alipoacha bidhaa zake, akambeba mikononi hadi kituo cha afya. Alipona, Mungu asifiwe, ingawa bado anachechemea.

Siku chache baadaye, yule mwendeshaji alikuja kwetu usiku. Ni kijana wa miaka ishirini hivi, mmoja wa wale tuliowaandaa kwa Kipaimara, naye ametupa ruhusa tuyasimulie haya. Hakuja kujitetea. Alisema, "Mwalimu, niliposimama nilitaka kumwinua. Ndipo nikasikia mtu anaita petroli."

Neno hilo limetukosesha usingizi. Kukimbia baada ya kumgonga mtu ni kosa mbele ya sheria na ni dhambi mbele ya Mungu, na kijana mwenyewe alilijua hilo kabla hatujamwambia. Lakini na sisi tujiulize: ni nani aliyemfundisha kukimbia? Kila mara umati unapompiga dereva aliyesimama, madereva wote wanaotazama hupata somo. Wanajifunza kwamba anayesimama hufa, na anayekimbia huishi. Basi siku wanapogonga wao, wanakimbia, na majeruhi anabaki peke yake. Twadhani twamlipizia mtoto wetu kisasi, kumbe tunamnyima mtoto wa kesho mkono wa kwanza ambao ungemwinua.

Ndivyo ilivyo kwa wezi pia. Mtu akishikwa usiku na pikipiki isiyo yake, kelele hupigwa, matairi huletwa, na kabla ya mapambazuko hubaki majivu. Asubuhi watu husema kwamba mtaa umesafishwa. Lakini aliyechomwa moto hatoi ushahidi. Hawezi kusema bunduki aliikodi kwa nani, pikipiki zilizoibwa zinanunuliwa na nani, wala ni nani aliyevaa sare mchana na kumwonyesha nyumba ya kuvunja usiku. Tunamuua aliye mdogo katika biashara hiyo, na walio wakubwa wanatushukuru kimoyomoyo, kwa kuwa tumewafichia siri yao. Je, haitupasi kushangaa kwamba baada ya mioto yote hiyo wizi haujapungua?

Tunajua mtakavyotujibu, maana tumejibiwa hivyo mara nyingi: "Mwalimu, tukimpeleka kwa polisi, juma lijalo tutamkuta sokoni." Jibu hilo si la kudharauliwa. Mwezi Juni 2017 gereza la Kangbayi, mjini Beni, lilishambuliwa, na wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka. Mwezi Oktoba 2020 gereza hilo hilo lilishambuliwa tena, wakatoroka zaidi ya 1,300. Mwezi Agosti 2022 ikawa zamu ya gereza la Kakwangura, mjini Butembo, ambako walitoroka zaidi ya 800. Watu waliokwisha kuona mambo hayo hawawezi kuambiwa tu, "Iaminini serikali." Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na hata hivyo twaendelea kuzika. Wenye mamlaka wanalo deni kubwa kwetu, na ni haki yetu kulidai.

Hata hivyo, deni la mtu mwingine halilipwi kwa damu ya mtu wa tatu. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, yatambua kwamba nafsi ya mwanadamu ni takatifu. Na kifungu cha 17 chamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itakapotolewa. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya nchi zenye amani peke yake. Yaliandikwa kwa ajili ya watu kama sisi, ambao twajua jinsi umati unavyoweza kukosea. Na umati hukosea. Mwishoni mwa Oktoba 2014, mauaji yalipokuwa yakiukumba mji wa Beni na vijiji vyake, mtu mmoja alishukiwa ndani ya gari la abiria kwa sababu alikuwa na panga na hakukijua Kiswahili cha kwetu. Alipigwa mawe, akachomwa moto. Hakuna aliyemhoji, wala hakuna atakayemhoji tena. Ni wangapi miongoni mwetu wamewahi kufika katika mji ambao lugha yake hawaijui? Na kwetu sisi, nani hatembei na panga akienda shambani?

Wengine mtasema, "Mimi sikutupa jiwe, nilikuwa nikitazama tu." Kumbukeni kifo cha Mtakatifu Stefano. Kitabu cha Matendo ya Mitume chatueleza kwamba waliompiga mawe waliweka mavazi yao miguuni pa kijana aitwaye Saulo. Hatusomi popote kwamba Saulo alitupa hata jiwe moja. Alilinda nguo tu. Na bado, alipokuwa Paulo, alilitaja jambo hilo kama dhambi yake. Siku hizi anayelinda nguo hushika simu. Hupiga picha, huzituma kwa rafiki zake, na anayezipokea huzituma kwa wengine. Kijana Mkristo anayepiga picha ya mtu anayekufa, badala ya kumwita mkuu wa mtaa, padri au mtu mzima mwenye kusikilizwa, amekwisha kuchagua upande.

Sasa tugeukie barabara zenyewe, kwa sababu huko pia tunauana, ingawa bila hasira. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba hakuna kinachowaua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwetu tumezoea kuhesabu waliouawa kwa panga na risasi, na ni haki kuwahesabu. Lakini anayekufa kwa kuteleza na pikipiki kwenye mteremko hatumhesabu. Twasema ni ajali, twafunga matanga, na kesho yake tunapanda watatu, pamoja na gunia la maharagwe, bila kofia ngumu kichwani. Kofia hiyo ikivaliwa vema hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40, na hatari ya kuumia vibaya kichwani kwa karibu asilimia 70. Tumewaona vijana wakiitundika kwenye usukani na kuivaa pale tu wanapomwona polisi wa barabarani. Je, ni kichwa cha polisi kinacholindwa?

Tena kuna matabishi. Kijana huendesha bila kibali, na akisimamishwa hutoa faranga chache, akapita. Kisha jioni, katika mkutano wa mtaa, yeye huyo hulalamika kwamba polisi wanapokea rushwa. Mkono unaopokea haujipi wenyewe. Kanisa limetupatia mwenyeheri wa hapa hapa Kivu ya Kaskazini, Floribert Bwana Chui wa Goma. Alikuwa mlei, mwenye umri wa miaka 26, na kazi yake ilikuwa kuchunguza ubora wa bidhaa mpakani. Alikataa fedha alizopewa ili aache chakula kilichoharibika kiingie sokoni, na kwa ajili hiyo aliuawa mwezi Julai 2007. Alitangazwa mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Hakuwa na silaha, wala hakuwa na cheo kikubwa. Alisema hapana mahali pake pa kazi, basi.

Tufanye nini? Hatupendi kuwaacha na mawaidha matupu. Kila kundi la vijana parokiani laweza kuanza na mambo manne. Kwanza, liahidi wazi mbele ya padri na wazazi kwamba hakuna mwanachama wake atakayempiga, kumchoma au kumpiga picha mshukiwa. Na kwamba umati ukikusanyika, wawili watakwenda kumwita mkuu wa mtaa, na wengine watasimama kati. Msiende peke yenu, wala msishindane na wenye silaha. Pili, waendesha pikipiki wa parokia wakubaliane kwamba anayegonga atasimama, na kwamba wenzake watamzunguka ili wamlinde pamoja na majeruhi, mpaka wote wawili wafikishwe panapostahili. Tatu, tujifunze kuandika: siku, saa, mahali, nambari ya pikipiki, walioshuhudia. Kelele husahaulika, lakini karatasi yenye sahihi za wakazi yaweza kupelekwa kwa meya, na kupelekwa tena. Nne, kofia.

Msidhani kwamba vijana hawasikilizwi wasipochoma kitu. Mwezi Aprili 2021, wanafunzi wa Beni walikaa siku kadhaa mbele ya ofisi ya meya wakidai usalama, na nchi nzima ikasikia habari zao. Walikuwa wamevaa sare za shule.

Yule kijana aliyetujia usiku hatukumwacha arudi hivi hivi. Baada ya siku mbili tulikwenda naye kwa wazazi wa msichana, sisi na wazee wawili wa shirika. Baba alisimama, tukaogopa. Mama akamwambia mumewe, "Mwache aseme kwanza." Alisema, akalia, akaomba radhi. Kisha tukaenda wote kwa polisi, jambo likaandikwa kama sheria inavyotaka. Tangu hapo, kila mwisho wa juma, kijana huyo hupeleka sehemu ya mapato yake kwa matibabu ya mguu wa mtoto. Si hadithi tamu: deni bado halijamalizika, na baba bado hamsalimu kwa furaha. Lakini mtoto anatibiwa, na mtaani hakuna kaburi jipya.

Mnakumbuka yule mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akavamiwa na wanyang'anyi. Barabara hiyo ilikuwa na mashaka yote mawili tunayoyajadili kila Jumapili: wizi na hatari ya njia. Msamaria hakuanza kwa kuwafukuza wanyang'anyi, wala kwa kuwalaumu askari wa Warumi. Alisimama. Basi, vijana wapendwa, mkutanapo katika kundi lenu juma hili, jiulizeni kwa ukweli: katika mtaa wetu, mtu akisimama leo, ataishi?