Mkishamwita shujaa, mwacheni aongee

Fikiria umepanda vilima vya Ngong mbio mpaka moyo unagonga kama ngoma, halafu unaambiwa: simama hapo, shika bunduki, piga shabaha tano zilizo mita 50 mbele yako. Ukilala chini kufyatua, kila shabaha ni milimita 45 tu. Kuna mbio ambazo ukikosa moja unazunguka mita 150 za adhabu, na zingine unaongezewa dakika nzima. Huo ndio biathloni, na usiucheke ati kwa sababu sisi hatuna theluji.

Sasa mjue Darya Domracheva. Alizaliwa Minsk, Belarus, mwaka 1986, akalelewa Siberia kwa sababu ya kazi ya wazazi wake. Akiwa chipukizi alishindania Urusi, kisha 2004 akachagua Belarus. (Hapa kwetu mtu akihamia Bahrain tunapiga kelele wiki nzima. Huyu angalau alikuwa anarudi nyumbani.)

Sochi 2014 ndiko alikowamaliza. Dhahabu tatu katika michezo mimoja, jambo ambalo hakuna mwanamke alikuwa amewahi kufanya kwenye biathloni. Ile ya kilomita 15 aliichukua kwa zaidi ya dakika moja, yaani wa pili alikuwa bado njiani huko. Nchi ikapagawa. Akapewa cheo cha Shujaa wa Belarus, mwanamke wa kwanza kukipata.

Msimu wa 2015-16 ugonjwa ukamweka nje kabisa. Oktoba 2016 akajifungua mtoto, na Januari 2017 tayari alikuwa amerudi mashindanoni. Hesabu mwenyewe hiyo miezi. Februari akachukua fedha kwenye mashindano ya dunia kule Hochfilzen, na 2018 Pyeongchang akamalizia timu yake mbio za kupokezana, wakabeba dhahabu. Akastaafu mwaka huohuo.

Lakini kilichonifanya nimheshimu zaidi si medali. Agosti 2020, baada ya uchaguzi ambao Lukashenko, aliye madarakani tangu 1994, alitangazwa mshindi, polisi waliwapiga vibaya waandamanaji. Domracheva akaandika hadharani akiwataka polisi wa kutuliza ghasia wakomeshe ukatili. Na huko kusema kuna gharama, msidanganyike: Yelena Leuchanka, nyota wa kikapu wa nchi hiyohiyo, alifungwa siku 15 kwa kushiriki maandamano.

Kuna wale mtasema mwanamichezo akae na michezo yake. Sawa, lakini mbona serikali haikai na siasa yake? Akishinda wanataka picha naye, bendera juu, wimbo wa taifa. Wakishatumia jina lake hivyo, hawawezi kumgeukia eti wewe ni wa skii tu. Na ujumbe wake haukuwa hata wa kuunga chama. Aliomba watu wasipigwe. Kama hilo ni siasa, basi nionyeshe ni neno gani lililobaki ambalo shujaa anaruhusiwa kulisema.