Meli Ilikaa Miaka Saba, Kodi Ilikatwa Kila Mwezi



Wengi wetu hapa Suna ziwa twalijua na mtumbwi twaujua, lakini manowari ni kitu cha Mombasa, na mtu aweza kuuliza gazeti la wafanya kazi lina haja gani na manowari. Haja ipo. Kila mwisho wa mwezi, kabla mshahara haujafika mkononi, kodi imekwisha kukatwa. Na asiye na mshahara hukatwa dukani anaponunua sabuni. Sehemu ya fedha hizo huenda jeshini, na hesabu ya jeshini ndiyo tusiyosomewa.

Mwaka 2003 Serikali ya Kenya ilipatana na kampuni iitwayo Euromarine iundiwe meli ya vita, kwa bei ya shilingi zipatazo bilioni 4.1. Meli iliundwa nchi ya Hispania, ikapewa jina Jasiri. Mwaka 2005 ilikuwa imekwisha kushushwa majini. Lakini wakati huo mambo ya Anglo Leasing yalikuwa yamefumuka: mikataba 18 ya vitu vya usalama, mingine imetiwa sahihi na makampuni ambayo mtu akienda kuyatafuta haoni ofisi wala mwenyewe. Bwana John Githongo, aliyewekwa na Serikali kupigana na rushwa, alijiuzulu Februari 2005. Mkataba wa Jasiri ukahesabiwa pamoja na hiyo, malipo yakasimamishwa, na meli ikabaki kule kule. Ilifika Mombasa mwaka 2012.

Tafadhali pigeni hesabu. Mtu apataye shilingi 15,000 kwa mwezi, bilioni 4.1 ni mshahara wa mwezi mmoja wa watu zaidi ya 270,000 kama yeye. Na tazameni tarehe tena. Oktoba 2011 majeshi yetu yalivuka mpaka kuingia Somalia, vita ambavyo sehemu yake ilikuwa ya pwani, mpaka Kismayu. Siku walipovuka, meli waliyonunuliwa ilikuwa bado imefungwa kamba Ulaya.

Katika chama chetu wamo mafundi, nao hawahitaji kufundishwa na sisi. Trekta likikaa misimu miwili bila kazi, betri hufa, raba hupasuka, grisi hukauka, panya hula nyaya. Mwenye kinu cha kusagia unga ajua kwamba kinu kilichofungwa huharibika upesi kuliko kinachosaga kutwa. Meli ni vivyo hivyo, na zaidi, kwa kuwa maji ya chumvi hayalali. Hata isipotumika lazima ilindwe na injini ziwashwe, na kulala bandarini si bure. Kwa hiyo chombo kisichofanya kazi si fedha zilizolala tu. Ni fedha zinazoendelea kutoka.

Wako watakaosema kosa lilikuwa kusimamisha malipo. Sisi hatusemi hivyo. Ukigundua aliyekuuzia ng'ombe hana ng'ombe, huachi kufunga mkoba. Kosa lilifanyika siku ile mkataba ulipotiwa sahihi bila wenye fedha kujua. Baada ya hapo hakuna njia nzuri: ukilipa, umelipa usichokijua, usipolipa, unashtakiwa. Mwaka 2014 Serikali, baada ya kushindwa katika mahakama za ng'ambo, ililipa shilingi zipatazo bilioni 1.4 kwa makampuni ya Anglo Leasing, kwa sababu ilitaka kukopa fedha katika masoko ya dunia na deni hilo lilikuwa linaizuia njia. Miaka kumi baada ya kashfa kujulikana, tulilipa.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Kutoka hapa hadi Isebania si mbali, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka wana habari yao ya rada. Tanzania iliinunua kwa kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema bei ni kubwa mno, na wataalamu wa safari za anga wakasema mtambo ule ni wa kijeshi, haufai vya kutosha kwa ndege za abiria. Ukanunuliwa. Baadaye ikajulikana kwamba dola zaidi ya milioni 12 zilipitia kwa dalali. Mwaka 2010 BAE ilikiri mahakamani Uingereza kwamba haikuandika hesabu zake sawasawa, ikakubali kurudisha pauni milioni 29.5 kwa watu wa Tanzania, na fedha hizo zikanunua vitabu na madawati. Tunawapongeza, ni nadra fedha za namna hii kurudi nyumbani. Uganda nayo, mwaka 1998, ilinunua helikopta za vita zilizokwisha kutumika kutoka Belarus. Zilifika Entebbe, na haikuwezekana kuzirusha. Jaji Julia Sebutinde aliongoza tume ya kuchunguza.

Katika nchi zote tatu jibu lilikuwa moja: siri ya usalama. Siri ya kweli twaikubali. Hatutaki adui ajue askari wetu wamelala wapi usiku huu. Lakini adui anapata faida gani akijua bei ya meli, jina la muuzaji, na kama injini inawaka? Anayefaidika na siri ya namna hiyo ni dalali.

Wala tusidhaniwe kwamba tunasema juu ya askari. Askari ni watoto wetu. Wako wa Suna wanaotumikia sasa hivi. Wao ndio wa kwanza kujua kwamba gari halina vipuri au kwamba ndege haiondoki chini, nao ndio watakaopelekwa vitani na gari hilo. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 24, yaruhusu sheria kuwapunguzia wanajeshi haki za kazi tulizo nazo sisi, pamoja na ile ya kuwa na chama. Mfanya kazi wa kiwandani akipewa mashine mbovu huita mwakilishi wake. Askari humwita nani? Asipoweza kusema yeye, hapana budi tuseme sisi tuliolipia mashine.

Katiba hiyo hiyo yampa Mkaguzi Mkuu kazi ya kukagua hesabu zote za Serikali, na Bunge lina kamati yake ya ulinzi. Kwa hiyo halmashauri ya tawi imekubali kuwaandikia wabunge wa Suna Mashariki na Suna Magharibi. Twawaomba waulize Bungeni ni vyombo gani vilivyonunuliwa kwa ajili ya majeshi tangu 2012 ambavyo havijatumika, viko wapi, gharama za kuviweka ni kiasi gani kwa mwaka, na nani alitia sahihi. Twaomba pia waseme kama wamepata kuiona meli ya Jasiri kwa macho yao.

Barua iko kwa Katibu. Anayetaka kutia sahihi aje na kitambulisho chake kabla ya mwisho wa mwezi, saa za jioni baada ya kazi.