Kihenge Hakingoji Mfadhili

Ndugu wananchi wa Kilosa na Mikumi,

Kila mwaka mahindi yanapokauka, magari ya wanunuzi huonekana vijijini hata kabla mkulima hajamaliza kuvuna. Mkulima huuza. Huuza si kwa sababu bei ni nzuri, wala si kwa sababu hana akili, bali kwa sababu hana mahali salama pa kuweka. Ikifika Januari, chungu kikiwa kitupu, mkulima yule yule huenda dukani kununua debe la mahindi kwa bei ya kuumiza, na pengine ni yale yale aliyoyatoa jasho. Twauliza: huu ni uhuru wa namna gani, mtu kulima chakula kisha kwenda kukiomba kwa mwingine?

Wazee wetu waliunda TANU tarehe 7 Julai 1954 wakidai nchi ijitawale, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikajitawala. Lakini nyumba isiyo na ghala haijajitawala bado. Anayeitawala ni mwenye gari na mzani. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yapita Kilosa ikielekea Dodoma, nasi twaifurahia. Lakini treni hiyo haitamngoja mtu ambaye mahindi yake yameliwa na wadudu darini.

Neno letu ni moja. Kila nyumba ya mkulima wilayani kwetu yaweza kuwa na kihenge imara na banda zuri la mifugo, kwa miti, mianzi, udongo na kamba za mkonge, na kwa mikono ya wenyewe. Kinachopungua ni ramani: karatasi yenye picha na vipimo, kwa Kiswahili, ambayo mtu aliyesoma darasa la saba aweza kuifuata bila kumwita fundi wa mjini. Kutoa ramani hizo ni kazi ya Chama.

Wako watakaosema, "Tungoje saruji." Ugonjwa huo si mpya. Mwalimu Nyerere, alipopima miaka 10 ya Azimio la Arusha mwaka 1977, aliwalaumu watu waliodharau matofali ya kuchoma na vigae huku wakingoja saruji na mabati. Nasi twaongeza jambo moja: hata tofali la kuchoma lina deni, maana tanuri lake hula msitu. Kuna tofali bichi lenye msingi wa mawe na upenu mrefu, na kuna tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, linalofundishwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Ujenzi. Elimu hiyo ni mali ya wananchi. Yatupasa kuidai ifike kijijini.

Wako wengine watakaosema, "Serikali ilete mradi mkubwa." Maghala makubwa yanatakiwa, hatubishi. Lakini tukumbuke Kongwa, si mbali na hapa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta na mamilioni ya pauni ili kulima karanga. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, na karanga zenyewe zilionekana chache tu. Mpango mkubwa ukianguka huanguka wote. Kihenge kimoja kikianguka, jirani bado ana chake.

Tena wako wazee wanaonyamaza tu wakisikia neno "kujitegemea", na ukimya wao tunauheshimu. Mwaka 1955 Waluguru waliyakataa matuta ya amri ya mkoloni. Baada ya uhuru, kati ya 1973 na 1976, watu wengi nchini walihamishwa vijijini, na baadhi yao waliacha nyumba nzuri wakaanza upya porini. Funzo tulilolipata ni hili: kazi ya amri hufa siku ile mwenye kuamuru anapoondoka. Kwa hiyo asitokee kiongozi yeyote wa tawi akatoza faini kwa ajili ya kihenge. Anayetaka kuwashawishi majirani na ajenge chake kwanza.

Sasa tuiseme kazi yenyewe.

Kwanza, mahali. Pawe juu, maji yasipofika. Aliyeona mafuriko ya mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 hahitaji maelezo. Nyumba zilikwenda, na chakula kilichokuwa ndani kilikwenda nazo.

Pili, pembe. Banda lililopinda huezekwa vibaya na huvuja. Huna haja ya chombo cha dukani. Chukua kamba, pima hatua 3 upande mmoja na hatua 4 upande wa pili; kamba ya kuunganisha ncha zile mbili ikitimia hatua 5 kamili, pembe yako ni sawa. Ni hesabu ile ile ya darasani, ila huku inajenga.

Tatu, kichanja cha kukaushia. Sakafu iwe mita 1 juu ya ardhi. Kwa sehemu zetu zenye unyevu upana usizidi sentimita 60, maana upepo haupenyi katikati ya rundo nene. Urefu uwe wowote upendao. Upande mrefu ukabili upepo. Kila nguzo ivikwe bati la debe kuukuu lililokunjwa kama pia, mdomo ukitazama chini, ili panya apandaye agonge kichwa arudi. Mti au ukuta usiwe karibu, kwa maana panya huruka. Paa la nyasi litoke nje vya kutosha kuzuia mvua ya upepo.

Nne, kihenge cha kuhifadhia. Hapa ramani ya babu peke yake haitoshi tena. Babu aliweka mahindi na magunzi yake juu ya moto wa jikoni, yakakaa mwaka. Lakini karibu na mwaka 1980 aliingia nchini, kwa upande wa Tabora, mdudu dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati. Wakulima wengine walimpa jina la Scania, kwa kuwa hupita katika mahindi kama lori. Dumuzi hupenda hasa hindi lililo kwenye gunzi. Basi yakishakauka kichanjani, mahindi yapukuchuliwe, yapepetwe, yatiwe dawa ya kuhifadhia nafaka kwa kipimo cha bwana shamba au mifuko isiyopitisha hewa, ndipo yaingie katika kihenge cha ukuta uliokandikwa vizuri, chenye mfuniko juu na tundu la kutolea chini.

Yatajulikanaje kuwa yamekauka? Chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, tikisa, uache itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Jambo hili si mchezo. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi mabichi ghalani yaweza kuwa sumu mezani.

Tano, mabanda. La kuku lielekee mashariki na magharibi kwa urefu wake, jua lisipige ndani mchana. Kuku wanne watoshe katika mita 1 ya mraba. La mbuzi liinuliwe, sakafu ya fito zenye nafasi, ili samadi ianguke chini na ipelekwe shambani.

Ndugu zetu wa upande wa Mikumi watatuuliza juu ya ndovu. Swali ni la haki. Tangu Hifadhi ya Mikumi ilipoanzishwa mwaka 1964 watu na wanyama wamekuwa majirani, na ndovu hasomi mpaka. Hatutamdanganya mtu kwamba kihenge chaweza kumzuia ndovu. Chini ya milima ya Udzungwa wananchi wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki. Na ramani ya uzio huo nayo ibandikwe. Lakini ulinzi wa raia na mali yake ni wajibu wa Serikali, na wajibu huo hauondolewi na mizinga ya nyuki. Tutaendelea kuudai.

Basi Chama kifanye nini? Twapendekeza mambo manne. Kila tawi libandike ramani hizi ukutani, mahali pa wote, si katika saraka ya katibu. Kila tawi lichague nyumba moja, hasa ya mjane au ya mzee asiye na nguvu, na wanachama wajenge kihenge kimoja kwa siku zao za mapumziko, ili watu waone kwa macho. Halmashauri ya wilaya iombwe kuwatuma wataalamu wa Ilonga, kituo cha utafiti wa kilimo kilichomo humu humu wilayani, wakague kazi na kusahihisha ramani. Na akina mama wawe wengi katika kamati, kwa kuwa wao ndio wapimao unga kila jioni, nao ndio wa kwanza kujua kihenge kinavuja.

Mwanachama atakayesoma maneno haya asiyaweke kando akingoja mkutano mkuu. Mavuno hayangoji mkutano. Achukue kamba yake, apime hatua 3 na 4, achimbe shimo la nguzo ya kwanza. Mwenye gari atakapokuja safari ijayo, na aambiwe kwa adabu: "Bwana, bei hiyo haitufai. Rudi Januari."

Uhuru na Kazi!