MAONI YETU: Kitabu kimoja kiishe, madesa kumi yasubiri

Kila Julai kijana wa Kumsenga, wilayani Kibondo, aliyechaguliwa kusoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) hufunga godoro lake, hushika ndoo na kupanda gari kwenda kuripoti kidato cha tano. Fungua tranka lake. Chini ya shuka utakuta bunda la madesa, yaani nakala za muhtasari wa masomo: moja la kaka wa jirani aliyemaliza mwaka juzi, mawili ya steshenari ya Kibondo mjini, na jingine kutoka Kasulu lililotolewa fotokopi mara nyingi mpaka namba zake hazisomeki. Mzazi ameuza maharage ili bunda hilo lipatikane. Kijana anautaka udaktari, na waliomtangulia wamekwisha kumwambia kwamba kemia ogania, "oganiki" kama wanafunzi wanavyoiita, ndiyo itakayomtoa jasho.

Msimamo wetu ni huu: bunda lile litamchelewesha. Anayejiandaa kwa oganiki anahitaji vitu vinne tu. Silabasi. Kitabu kimoja cha kiada. Mitihani iliyopita pamoja na taarifa za Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Na madaftari ya kufanyia mazoezi kwa mkono wake mwenyewe. Kazi ya kumchagulia ni ya shule na mwalimu wa kemia. Mwenye mashine ya fotokopi asiachiwe kazi hiyo.

Tuanze na mtihani wenyewe. Kwetu mlango mkuu wa shahada ya udaktari ni mtihani wa kidato cha sita. Muhimbili, Bugando, KCMC au Dodoma, kote huko wanakagua fizikia, kemia na baiolojia kwenye cheti cha NECTA. Ipo njia ya pili, ya kupitia stashahada ya utabibu, nayo ni ya heshima, lakini wengi hupita njia ya kwanza. Kemia ina karatasi mbili za nadharia na moja ya vitendo, na A huanzia alama 80. Kutoka Julai ya kuripoti hadi Mei ya mtihani ni miezi 22. Toa likizo, toa wiki za majaribio, toa siku za homa. Muhula mmoja ukiishia katika kuruka kutoka desa hadi desa, hakuna pa kuufidia.

Kwa nini madesa yanaumiza zaidi kwenye oganiki kuliko mahali pengine? Kwa sababu oganiki ni ngazi. Unaanza na hidrokaboni, unapanda kwenye benzini na jamaa zake, halafu haloalkani, alkoholi, aldehaidi na ketoni, asidi za kaboksili, amini, mpaka polima. Kila daraja limekaa juu ya lililotangulia. Desa ni muhtasari wa mtu aliyekwisha kuelewa, alioandika ili akumbuke. Anaandika kitendanishi, anaandika zao, sababu anaiacha, kwa kuwa sababu anayo kichwani. Anayelisoma bila kuwa nayo hubaki kukariri.

Tuchukue mfano mmoja ambao kila mwana PCB ataukuta. Propeni inakutana na bromidi ya hidrojeni. Desa litasema zao ni 2-bromopropani, kwa kanuni ya Markovnikov, basi. Kitabu kizuri kitaendelea. Kitasema kwamba hidrojeni hujishika kwanza kwenye kaboni ya mwisho, chaji chanya ikabaki kwenye kaboni ya kati. Chaji hiyo hutulia zaidi pale katikati kwa sababu ina kaboni pande zote mbili za kuisaidia kuibeba, na bromini hufuata ilipo chaji. Kisha kitaonya kwamba ukitia peroksaidi mambo yanageuka: atomu ya bromini inatangulia kushambulia, na zao linakuwa 1-bromopropani. Aliyesoma sababu atajibu swali hili hata likija limevaa nguo nyingine, kwa mfano likija na buteni. Aliyekariri jina la kanuni atakwama hapohapo.

Madesa yana hatari nyingine, nayo ni makosa ya kunakili. Mshale unaoonyesha elektroni zinakoelekea ukipinduliwa, maana yote imepinduka. Hapa tuna kipimo ambacho hata mzazi anaweza kukitumia: kaboni ina mikono minne, haizidi. Hesabu mistari inayotoka kwenye kila kaboni iliyochorwa. Ukikuta kaboni yenye mikono mitano na haina maelezo, mrudishie muuzaji karatasi zake.

Halafu kuna mabadiliko ya mitaala, ambayo utekelezaji wake ulianza mwaka 2024. Desa la kaka wa mwaka juzi huenda linafuata silabasi ya zamani. Ndiyo maana tumeitaja silabasi mwanzo kabisa. Ni kitabu chembamba, hakina hadithi, na ndicho kinachosema nini kitaulizwa na kwa kina gani. Mwanafunzi anayejiandaa bila silabasi ni sawa na anayelima shamba asilojua mpaka wake.

Kosa la kutojua mpaka halitokei kwetu tu. Marekani walipobadilisha mtihani wao wa kuingia vyuo vya udaktari, MCAT, mwaka 2015, oganiki ilibaki takriban asilimia 15 ya sehemu ya kemia na fizikia, na asilimia 5 ya sehemu ya baiolojia. Biokemia ikapewa nafasi pana. Mwanafunzi wa huko hugawa saa zake kwa kufuata hesabu hiyo. Hesabu hiyo si yetu. Hata hivyo, likizo ya Desemba ikifika, vijana wetu hununua bando na kukesha wakitazama video zilizotengenezwa kwa ajili ya mtihani huo. Nyingi zinafundisha vizuri, hatukatai. Zitazamwe kwa mada ambayo mtu amekwama, silabasi ikiwa mkononi, kisha simu iwekwe chini.

Sasa kitabu. Cha kwanza kutafutwa kiwe cha kiada cha Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kwa sababu kimepangwa kwa silabasi yetu, na vitabu vya TET husomwa bure kwenye Maktaba Mtandao yake. Kama shule ina kingine cha kidato cha tano na sita, kipimwe kwa maswali matatu. Je, kinaeleza sababu ya mmenyuko, au kinataja zao tu? Je, kina mazoezi kila mwisho wa mada, yenye majibu? Je, Kiingereza chake kinasomeka na mtoto ambaye nyumbani alizungumza Kiha, shule ya msingi akafundishwa kwa Kiswahili, na sasa atafanya mtihani kwa Kiingereza? Kikishindwa swali la kwanza, kirudi rafuni.

Kuna vitabu vikubwa vinavyosifiwa sana mabwenini. Morrison na Boyd, kwa mfano, ni kazi ya heshima iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1959, na ina kurasa zaidi ya 1,000. Kiliandikwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Mahali pake ni mezani kwa mwalimu, na kwa mwanafunzi aliyemaliza kitabu chake anayetaka kuchimba zaidi. Kukibeba kidato cha tano ili wenzako wakuone hakuongezi alama.

Baada ya kitabu, mitihani iliyopita. Hapa tunasisitiza jambo ambalo halisemwi vya kutosha. NECTA hutoa kwa kila somo taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na huziweka bure kwenye tovuti yake. Ndani yake kuna swali, kuna jibu la mtahiniwa aliyefanya vizuri, kuna jibu la aliyekosea, na kuna maelezo ya kosa lilipoanzia. Ni mtahini mwenyewe anakuambia anachotaka. Hakuna desa linaloweza kutoa hicho. Mwanafunzi asome swali, alijibu kwanza kwa kalamu, ndipo afungue uchambuzi. Aangalie pia neno la Kiingereza linaloongoza swali, maana lipo linalodai orodha tu na lipo linalodai sababu, na wengi hupoteza alama kwa kutoa kimoja walipoombwa kingine. Kwenye kikundi wabishane kwa Kiswahili mpaka waelewe, kisha kila mmoja aandike jibu kwa Kiingereza.

Daftari la mkono ni la nne, na halina mbadala. Oganiki husomwa kwa kuchora. Udongo wa mfinyanzi na vijiti vinatosha kuunda kaboni yenye mikono minne iliyotawanyika pande zote, na mwanafunzi akaona kwa macho kwa nini molekuli mbili zenye fomula moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Hilo linafanyika Kumsenga leo, bila kusubiri mfadhili.

Na mifano ya maisha tunayo. Mkoa wetu wa Kigoma unachemsha mawese na kutengeneza sabuni. Huo ni mmenyuko wa esta na magadi makali, uleule ulio kwenye sura ya asidi za kaboksili. Aspirini ni esta, na ile iliyokaa kwenye unyevu hunuka siki kwa sababu inavunjika na kurudisha asidi ya asetiki. Dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati ina kiungo kilichotokana na artemisinini, na nguvu yake ya kuua vimelea imo kwenye daraja la oksijeni mbili zilizoshikana. Tu Youyou wa China, aliyeongoza kazi ya kuipata, alituzwa Nobel mwaka 2015. Mtoto anayelala chini ya chandarua ana haki ya kujua kwamba somo linalomtoa jasho ndilo lililomtibu.

Wapo watakaosema kwamba vyanzo vingi hupanua akili. Ni kweli, kwa aliyekwisha kusimama. Asome kitabu kimoja mpaka mwisho, afanye mazoezi yake yote, kisha atafute cha pili na cha tatu. Wengine watasema mtoto wa kijijini hana anasa ya kuchagua, huchukua anachopata. Sisi tunasema ni kinyume: mwenye fedha ya kitu kimoja ndiye anayepaswa kuchagua kwa uangalifu kuliko wote. Mtoto wa Dar es Salaam akinunua kitabu kibaya atanunua kingine Jumamosi. Wa Kumsenga yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko, na gunia la maharage likishauzwa, limeuzwa.

Kwa hiyo tunataka mambo manne.

Kila shule yenye PCB katika Kibondo na Kasulu itoe karatasi moja ya vifaa vya kemia na kuiambatanisha na fomu ya kujiunga, ili mzazi asinunue gizani. Karatasi hiyo isainiwe na mwalimu wa somo.

Halmashauri zichapishe taarifa za uchambuzi za NECTA za miaka ya karibuni na kuzipeleka shuleni zikiwa zimejalidiwa. Simu haziruhusiwi mabwenini, kwa hiyo kilicho bure mtandaoni hakimfikii mtoto mpaka mtu mzima akitoe kwenye karatasi. Umeme wa gridi ya Taifa umefika mkoani Kigoma tangu mwaka 2022, na printa ya ofisi inaweza kufanya kazi hiyo.

Wazazi wasubiri orodha kabla ya kufungua mkoba. Fedha iliyobaki inunue madaftari, kalamu na kikokotoo.

Na ninyi mliokwisha kufaulu, mlioko vyuoni na hospitalini, msimletee mdogo wenu desa. Mleteeni kitabu mlichokitumia, na siku mbili za likizo yenu mkae naye mumwonyeshe mishale ya elektroni inavyokwenda.

Chuo Kikuu cha Muhimbili kinajenga kampasi mkoani kwetu. Majengo yatakapokamilika yatahitaji wanafunzi, na itakuwa aibu kwetu kama milima ya Buha itakuwa inayatazama kwa mbali. Maandalizi hayaanzii kwenye jiwe la msingi la chuo. Yanaanzia kwenye tranka la kijana anayeripoti kidato cha tano. Julai ijayo tulikute jepesi: silabasi, kitabu kimoja, mitihani na uchambuzi wake, na madaftari matupu yanayosubiri mkono wake.