Mahujaji Wetu Warudi na Zamzam, Habari Waziacha Njiani

Kila mwaka mahujaji wanaporudi, nami huenda kuwaamkua kama wafanyavyo watu wote. Udi wafuka, kahawa yamiminwa, tende za Madina zatembezwa kwa sahani, na zamzam twagawiwa vikombe vidogo, tukaelekea kibla tukanywa. Kisha mtu huuliza: "Haya al-Haji, tupe habari za huko." Naye al-Haji hujibu: "Alhamdulillahi, kuzuri. Watu wengi. Jua kali." Habari zaisha hapo, watu waanza kuzungumza bei ya tikiti.

Ninalotaka kusema leo ni hili, na atakayekasirika na anisamehe. Sisi watu wa pwani twaenda Hija kwa mamia ya miaka, lakini safari zetu twaziacha zipotee. Hatuziandiki, hatuzichori, wala hatuzitungii. Hilo naliona ni kosa, na hasara yake naijua kwa kuwa imeingia nyumbani kwetu.

Babu yangu mzaa mama aliondoka Lamu kwa jahazi kabla ya vita vikuu vya pili. Walipofika Jidda, yeye na mwenzake hawakuwa na fedha za kukodi ngamia. Wakaenda Makka kwa miguu, mwendo wa kilomita 80 hivi, wakitembea usiku na mchana wakijilaza penye kivuli chochote. Hija ilipokwisha wakashika njia ya Madina, kwa miguu vile vile, kilomita 400 na zaidi. Babu alifika. Mwenzake hakufika.

Safari yote ile imetuachia vitu viwili: bakora moja, ambayo hadi leo i nyuma ya mlango wangu, na ubishi. Marehemu mama alikuwa akisema kuwa yule mwenzake alizikwa karibu na kisima, siku ya tatu kutoka Makka. Mjomba alishikilia kuwa ilikuwa siku ya saba, chini ya mti, na kisima hapakuwa. Babu alipajua, lakini hakuandika. Na nilipopata akili ya kumwuliza, alikuwa keshatangulia mbele ya haki.

Pengine utasema: kisima au mti, kuna tofauti gani? Iko tofauti. Marehemu alimwacha mke. Eda ya mjane, kama tusomavyo katika madhehebu yetu ya Shafi, huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume. Babu alirudi amepotewa na hesabu ya siku. Hakuna aliyeweza kuapa kuwa miezi minne na siku kumi ilikuwa imetimia au haijatimia. Basi bibi yule akakaa eda kamili tangu siku aliyoambiwa. Mstari mmoja wa wino ungalimwondolea mashaka yale.

Sasa tazameni waliofanya wenzetu. Ibn Battuta alitoka kwao Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka ishirini na mmoja, nia yake ni Hija. Safari ile ikazaa safari nyingine, hata mwaka 1331 akafika pwani yetu. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Lakini kwa usiku ule mmoja twajua leo kuwa wazee wetu walikuwa Mashafi, kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao na imejengwa kwa ufundi, na kwamba walitembea miguu mitupu, wakaosha miguu yao mlangoni pa msikiti kabla ya kuingia. Miaka karibu mia saba imepita, na miguu ile twaiona bado. Na sisi wenyeji, tuliokuwa pale siku zote, tumeandika nini? Miguu ya babu yangu aliyekwenda Madina haina hata mstari.

Wala msidhani kuwa mwenda kwa miguu ni mtu wa kudharauliwa. Katika Sura ya Hajj, aya ya 27, Mwenyezi Mungu alipomwamuru Nabii Ibrahim awatangazie watu Hija, waendao kwa miguu wametajwa kabla ya waliopanda ngamia. Waislamu wa Afrika Magharibi walikuwa wakivuka nchi kavu kupitia Chad na Darfur hata pwani ya Bahari ya Sham, ndipo wakapanda chombo kwenda Jidda. Wengine ilikuwa ni safari ya miaka. Walilima mashamba ya watu njiani wakapata posho, wakazaa watoto, na wengi wakabaki Sudan moja kwa moja. Vitabu vingapi vimekufa na watu wale!

Kurekodi safari hakutaki uwe mwanachuoni mkubwa. Huko Misri ya juu, mtu akienda Hija jamaa zake humchorea ukuta wa nyumba: Al-Kaaba, meli au ndege aliyopanda, jina lake na mwaka wa Hija yake. Akirudi aikuta safari yake mlangoni, na kila apitaye aisoma. Huko Bara Hindi na Uturuki, watu walikinakili kitabu cha Futuh al-Haramayn, kilichotungwa kwa mashairi ya Kiajemi na Muhyi Lari mwanzoni mwa karne ya 16, wakakichorea Makka, Arafa, Mina na Madina, kila mahali pa ibada kwa picha yake. Na ile Dalail al-Khayrat ya Imam al-Jazuli, ambayo wengi wetu twaijua, ina nakala nyingi zilizochorwa Rawdha na makaburi matakatifu.

Najua nitaambiwa: "Bwana, kuchora ni haramu." Mimi nimesoma chuoni, nimekula fimbo za mwalimu kwa alifu iliyopinda, na jambo hili silichezei. Linalogombewa na wanavyuoni ni sura ya chenye roho. Ibn Abbas mwenyewe alipojiwa na mchoraji, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Jabali la Rahma halina roho, wala njia, wala kisima. Na mafundi wa Siyu, waliopamba misahafu kwa wino mweusi na mwekundu hata macho hayataki kuondoka, hawakuwa watu wasiojua dini.

Mwingine atasema kuwa kuandika Hija yako ni ria. Nami namwuliza: na zile picha za simu? Leo al-Haji hurudi na picha mia tatu, na katika zote yumo yeye, Al-Kaaba imechungulia nyuma ya bega lake. Mwaka wa pili simu yaanguka majini au yabadilishwa, na Hija yote yapotea. Ria ni ya moyo, haimo katika kalamu. Anayeandika palipo na maji, palipomchosha, na nani alimshika mkono, huyo amwandikia atakayekuja nyuma yake.

Mimi nilipojaaliwa kwenda, nilichukua daftari la shule na penseli mbili. Kutoka Arafa kwenda Muzdalifa nilitembea na umati, kilomita nane au tisa, na nilipokaa kuokota vijiwe nikaandika kwa mwanga wa taa: kandambili imekatika, mzee mmoja tusiyejuana lugha amenipa kamba ya kuifungia. Hilo si jambo kubwa. Lakini wajukuu zangu hawalichoki, na kamba waitaka waione.

Njiani kwenda Madina, basi likiwa mbio, nilichora milima kwa dirishani, mistari imepindapinda. Kwa kuwa sikujua ni wapi, yule mwenza wa babu nilimsomea Fatiha mara mbili: mara moja kwa siku ya tatu ya mama, na mara moja kwa siku ya saba ya mjomba.

Basi rai yangu ni hii. Kila msafara wa mahujaji uondokao Mombasa, Malindi au Lamu na uwe na mwandishi wake mmoja. Walimu wa madrasa wawaite mahujaji waliorudi, watoto wawasikilize na wachore njia walivyoisikia. Washairi, badala ya kujibizana kila wiki, watunge tenzi za safari. Na daftari hizo zihifadhiwe misikitini, kama miswada ya mkono ilivyohifadhiwa Riyadha, Lamu. Wazee waliokwenda kwa jahazi ni wachache mno sasa. Mwenye mmoja nyumbani kwake na akakae naye leo, baada ya alasiri, na kalamu mkononi.