Mathare Si Mbuga ya Wanyama

Leo ni ndefu kidogo, lakini soma mpaka mwisho.

Jumamosi iliyopita niliona kitu pale Mabatini na mpaka sasa hakijanitoka. Gari lilisimama Juja Road, wageni kama kumi wakashuka na kamera, mbele yao kijana mwenye kadi shingoni. Wakaingia kichochoroni. Mama mmoja alikuwa anaogesha mtoto kwenye karai nje ya mlango, maana ndani hakuna nafasi. Mgeni akachuchumaa, akapiga picha. Mama akavuta leso ajifunike kichwa, lakini wapi, picha ilikuwa imeshaenda. Hakuna aliyepiga hodi. Hakuna aliyetoa hata salamu. Halafu nikamsikia yule kijana akiwaeleza kwa Kiingereza kwamba watu wa hapa walikuja tu kutafuta kazi, historia hakuna.

Historia hakuna? Hapo ndipo nilipochemka.

Usinielewe vibaya. Sipingi watu kutembea. Quran imetuhimiza zaidi ya mara moja tutembee ardhini tutazame mwisho wa waliotutangulia. Ibn Battuta alipita pwani yetu, Mombasa mpaka Kilwa, mwaka wa 1331, na simulizi yake bado inasomwa, kwa sababu alitaka kujua watu wanakula nini, wanaswali wapi, wanaongozwa na nani. Alikuja kama mgeni. Ninachopinga ni kundi la watu kulipa pesa ili waonyeshwe umaskini wa wengine, kama wanavyolipa kuona simba.

Na si jambo jipya. Karne ya 19 matajiri wa London walikuwa wakienda East End jioni kutazama maskini wanavyoishi. Hapa kwetu, mwaka wa 2010, Kennedy Odede aliyekulia Kibera aliandika kwenye gazeti la New York Times akizipinga ziara hizi. Alieleza jinsi alivyopigwa picha akiwa kijana wa miaka 16, akiosha vyombo nje ya nyumba yao. Miaka imepita, karai ni lile lile, kamera tu ndiyo imekuwa simu.

Sasa linganisha na Lamu. Mgeni akifika Mji wa Kale, ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka wa 2001, anaambiwa avae kwa heshima na aombe ruhusa kabla ya kupiga watu picha. Kwa nini? Kwa sababu Lamu inajulikana kuwa ina historia. Yule mama wa Mabatini hana heshima yake? Ama heshima ni ya wenye milango ya kuchongwa peke yao?

Wacha tumfundishe yule kijana alichopaswa kusema. Ukisimama Juja Road, historia iko kila upande.

Pangani: hapa palikuwa na kijiji cha Waafrika, Waislamu wengi sana. Serikali ya kikoloni ilikibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo.

Pumwani: mtaa uliopangwa na wakoloni kwa ajili ya Waafrika, ukaanza kujengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Huko Majengo kulikuwa na wanawake wengi wenye nyumba zao wenyewe, waliokuja mjini peke yao, wakasilimu, wakajenga, wakakodisha. Nyanya zetu hao! Kiswahili na Uislamu vya Nairobi havikushuka na treni ya SGR.

Eastleigh: Wahindi na Wasomali waliishi hapo tangu enzi ya mkoloni. Baada ya Somalia kuporomoka mwaka wa 1991, wakimbizi waliokuja mikono mitupu waliuzia nguo kwenye vyumba vya Garissa Lodge, na kutoka hapo likazaliwa soko linalovisha nusu ya Afrika Mashariki.

Na Mathare yenyewe: machimbo ya mawe yaliyojenga jiji hili. Wakati wa Hali ya Hatari mkoloni alivunja vibanda vya hapa kwa sababu bonde hili lilikuwa ngome ya Mau Mau. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, zaidi ya watu 20,000 walikamatwa Nairobi na kupelekwa kizuizini.

Historia hakuna?

Unaweza kuniuliza, hii yote inabadilisha nini? Inabadilisha mengi, kwa sababu mahali pasipo na historia ni rahisi kupabomoa. Pangani waliita uchafu, ikaenda. Aprili 2014 Eastleigh iliitwa pango la magaidi, maelfu ya watu wetu wakakamatwa, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Mei 2024, baada ya mafuriko, tingatinga zilishuka hapa mtoni na familia zikalala nje. Hadithi inayosimuliwa kwa mgeni leo ndiyo hiyo hiyo inayosomwa ofisini kesho.

Najua jibu lenu: "Lakini inaleta chapaa." Sawa. Chapaa ya nani? Mwenye gari amelipwa, kijana wa kuongoza amepata kidogo. Yule mama amepata nini? Bado ananunua maji kwa mtungi na analipia choo. Simlaumu kijana, ana njaa kama mimi na wewe. Namwambia tu: ndugu yangu, unauza mama yako kwa bei ya chai.

Isitoshe, sheria iko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia picha ya mtoto. Mwaka wa 2023 shule moja hapa Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Kama shule inalipa, mbona ziara zisilipe?

Basi tunataka haya, na hatuombi:

1. Hodi kwanza. Surat An-Nur aya ya 27 imetukataza kuingia nyumba za watu kabla ya kuomba ruhusa na kutoa salamu. Kichochoro cha Mathare ni sebule ya watu.
2. Hakuna picha ya mtoto bila mzazi kukubali.
3. Sehemu ya pesa ibaki kwa wenyeji, na hesabu isomwe mbele ya wakazi.
4. Anayeongoza awe ameketi na wazee kwanza.

Na sisi pia tujiangalie. Tunachanga kila mwaka tujaze basi la kwenda Maulidi Lamu, alhamdulillah, lakini ni wangapi wetu wamewahi kumuuliza mzee wa Majengo alizaliwa wapi? Wazee wanaondoka. Tukichelewa, kweli historia haitakuwepo.

Kwa hivyo baada ya Alasiri, wewe na simu yako, keti na mzee mmoja, mrekodi kwa ruhusa yake. Tukishakusanya, tutatembea wenyewe, Pangani, Shauri Moyo, Majengo, Eastleigh mpaka huku mtoni. Mgeni akitaka kuja, karibu, atembee nyuma yetu asikilize. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji aaibishwe.

Uko tayari? Andika NIPO hapo chini, na umtumie mwenzako mwenye kadi shingoni.

Wabillahi tawfiq.